Zinki Iliyopakwa Rangi

Mimi ukinidhulumu nitasema, tena kwa sauti. Kwa hiyo msije kuniambia kwamba Alfani ni damu yangu. Najua ni damu yangu. Nilimbeba mgongoni hata kabla mgongo wangu haujakomaa.

Boti ni yangu mimi, Mwanarusi, na ndiyo inayonilisha. Nawachukua wageni wa hoteli moja ya Diani, nawapeleka Funzi kutazama mikoko. Fundi wa mashine ni huyo Alfani, mdogo wangu. Siku aliponifungia mashine alinisomesha vizuri. Aliniambia mguu wa mashine, ule unaozama majini, ni aluminiamu, propela ni chuma cha pua, na metali mbili tofauti zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa.

"Ndiyo maana twafunga hiki kipande cha zinki, dada," alisema. "Zinki ni dhaifu kuliko zote. Bahari itaila hiyo kwanza, mguu upone. Ikiisha, twaweka nyingine."

Baadaye nikanunua rangi niipake boti upya. Akanipigia kelele toka mbali: "Paka kila kitu, lakini zinki usiiguse na brashi! Ikipakwa imekufa, maji hayaifikii!" Nilicheka, nikaiacha kama ilivyo.

Mwaka jana naye akanunua boti yake. Nilifurahi kuliko yeye; nilipika pilau, nikaalika majirani. Kila alipoichukua mashine yangu bandani kwake kuifanyia sevisi, nilimwuliza zinki ikoje.

"Bado nzima, dada. Haijaliwa hata kidogo."

Nami nikimwombea dua kwa kunitafutia zinki ya maana! Sikujiuliza, kama bahari haiili zinki, inakula nini.

Mwezi uliopita mashine ikanizimikia karibu na mdomo wa mto Ramisi, jua kali, wageni ndani, mtoto wao mmoja analia kwa hofu. Tulivutwa hadi ufukweni kwa kamba. Austine, meneja wa hoteli, akaniambia kwa upole wa kuudhi kwamba tangu sasa wageni watachukuliwa na boti nyingine. Boti hiyo nyingine ni ya Alfani.

Alfani mwenyewe akasema mashine imezeeka, niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Moyo wangu ukakataa. Nikamwita Monicah, fundi wa Ukunda. Alipofungua mguu, oili ikatoka nyeupe, imeshaingia maji. Akaukwangua kwa nje, aluminiamu ikapukutika kama unga wa muhogo, na tundu likaonekana.

"Kutu ya aluminiamu si nyekundu, mama," alisema. "Ikiliwa inakuwa hivi."

Kisha akaikwangua zinki. Rangi nyeusi ikabanduka, nzito, imepakwa ikarudiwa. Chini yake zinki ilikuwa mpya kabisa.

"Na hii nani aliipaka? Si kila fundi anajua haipakwi?"

Nilishuka pwani. Maji yalikuwa yametoka, boti ya Alfani imelala mchangani, mashine imeinuliwa. Nikainama, nikapapasa chini ya mguu. Zinki yake haikuwa na hata tone la rangi. Ilikuwa imeliwa mpaka imebaki kama kipande cha mwisho cha sabuni, na mguu wenyewe mzima, laini, hauna doa. Nililia palepale, nimeishika zinki ya ndugu yangu.

Akanikuta hapo. Akaona mkono wangu ulipo. Tangu ajue kusema hajapata kunipita bila salamu, wala mimi sijapata kumnyima jibu, hata siku tulizogombana tukatupiana maneno.

"Shikamoo, dada."

Nilisimama, nikajipangusa mchanga magotini.

"Dada, shikamoo," akarudia, sauti imepungua.

Nikampita, nikaenda zangu nyumbani.