Kupumua na Kupumuzika

Kabla hajavunjika mgongo, Barthélemy Kamate alikuwa na mkoromo wa ajabu. Meli ya Bukavu ilipokaribia Goma, nahodha alimjibu kwa honi, akidhani kuna chombo kingine kimemtangulia bandarini. Anayebisha akaulize mtaani kwao, Keshero. Kisha lori lake la Fuso likapinduka njiani Kibati na magunia ya viazi, na kwa miaka miwili mzee hakupata usingizi. Alilia tu, mpaka daktari alipomwandikia morfini.

Mkoromo ukarudi. Mkewe, Kaswera, aliupokea kama mgeni wa heshima, na ili mgeni asiondoke akaongeza kidonge cheupe cha usingizi alichouziwa duka la dawa la kona. Hakumwambia mtu.

Muuguzi wake, Wivine, akapiga simu toka zahanati ya Himbi, sauti ikikatika-katika. "Mama Kaswera, papa akilala anapumua muzuri?"

"Anapumuzika, mama. Anapumuzika sana."

"Sawa. Muendelee na dawa vile vile."

Mmoja aliuliza pumzi, mwingine alijibu mapumziko, na kila mtu akaweka simu chini ameridhika.

Jumanne, saa nane mchana, Wivine alipita mwenyewe. Kamate alikuwa amelala chali, anakoroma mpaka mbao za ukuta zinalalamika. Ghafla, kimya.

"Unaona," Kaswera akanong'ona, "sasa ndo anapumuzika."

Wivine alikuwa anatazama saa yake. Sekunde kumi. Kumi na tano. Kifua hakikuinuka. Ilipofika ishirini na sita akamrukia mzee, akamtikisa mabega. "Papa Barthélemy, pumua." Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Pumzi ikaingia kwa kukwaruza.

"Anafanya hivi mara ngapi?"

"Kila siku," Kaswera akasema. Kisha akasikia alichokisema, akakaa sakafuni. Kidonge cheupe akakitaja hapo hapo, bila kuulizwa.

Wivine akaeleza polepole. Morfini humsahaulisha mtu kupumua, na kile cheupe humsahaulisha mara mbili. Cheupe kitupwe. Morfini ya jioni iwe nusu, isikatwe yote kwa ghafla, mpaka daktari amwone Alhamisi. Alale ubavu, asiachwe peke yake. Kuna mashine ya kupuliza hewa kwa barakoa, lakini inataka umeme usiokatika.

"Na maumivu?" Kamate akauliza. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Yatarudi kidogo, papa."

"Kidogo ya nani?"

Wivine akafunga mkoba wake. Alipoondoka, Kaswera alibeba vile vidonge vyeupe akavimwaga chooni.

"Miye nilikuwa nimekubali," Kamate akamwambia aliporudi. "Kama siamuki, siamuki. Lakini nilikuwa nalala, Kaswera."

"Miye sikukubali."

Akamgeuza ubavu, akamwekea kitenge kilichokunjwa mgongoni asirudi chali. Maumivu yakamng'ata. Mzee akamtukana kwa Kinande, lugha ya kwao, yeye na mama yake na ukoo wao mzima wa Butembo, mpaka akachoka, macho yakajifumba.

Kaswera akaweka kiganja kifuani pake, na kifua kilipotulia akahesabu. Kumi. Kumi na moja. Akamfinya.

Mzee akavuta pumzi, akamtukana tena.

"Endelea," Kaswera akasema, akaanza kuhesabu upya.