Marehemu Amefika Kazini

"Hakuna maiti atakayekula mshahara nikiwa hapa!" Zdravka, mtunza kumbukumbu za watumishi wa manispaa, aliapa. Kila asubuhi alisoma matangazo ya vifo yenye picha yaliyobandikwa mlangoni pa ofisi, kisha akawafuta marehemu kwenye kompyuta. Jumatatu alimfuta Nayden, dereva. Jumanne Nayden akaja anatafuna banitsa, andazi la jibini.

"Mama, mlango umekataa kadi yangu!"

"Umekufa. Picha yako nimeiona."

"Yule ni babu yangu! Nimerithi jina na pua. Anatimiza miaka kumi kaburini, ndiyo maana tukambandika tena."

"Lete uthibitisho kwamba u hai."

Nayden akaondoka akicheka.

Kesho yake mlango ukamkataa Zdravka. Tangazo la kifo lenye picha yake lilikuwa limebandikwa pale, na msaidizi wake mtiifu alikuwa ameshamfuta.