Rafu za Jikoni

Mpambaji wa kwanza nilimfukuza. Alitaka nyumba nzima iwe nyeupe kama hospitali. Wa pili alijifanya anaijua nyumba yangu kuliko mimi. Huyu wa tatu, dada mpole mwenye futi ya kupimia, nilimkubali kwa sababu hachori kitu kabla hajaongea na kila anayekitumia chumba. Nilimwachia ufunguo, nikaenda kazini.

Jioni alinionyesha mchoro wa jiko. Rafu zote amezishusha.

"Dada, unataka nipike nimepiga magoti?"

"Si kwa ajili yako, kaka. Ni yule mama. Nimempima mwenyewe, mkono wake haufiki juu."

"Mama gani? Naishi peke yangu!"

"Niliyemkuta jikoni asubuhi. Anasema amekuomba sana uzishushe, na wewe kila siku ni kesho, kesho."

Nikakaa chini. Miaka mitatu mama yangu aliniomba, nami nikamjibu hivyo hivyo, mpaka siku aliyopanda stuli, akaanguka, tukamzika. Stuli yenyewe niliichoma moto.

"Hata hajakasirika," dada alisema, akikunja mchoro wake. "Ila ameuliza, stuli yake umeiweka wapi?"