Siku Mashine za Kiwanda Zilipopaa

Jumatano, sheria mpya ya uwekezaji ilipoanza kutumika, mshonaji alikuwa kwenye ghala la forodha tangu milango inafunguliwa, mwanawe mgongoni, akingoja cherehani yake ya kudarizi. Ushuru alikwishalipa. Jumatatu chekechea ingefunguliwa, na mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba sare isiyo na nembo kifuani haipokei. Kazi angepewa fundi mwingine moja kwa moja.

Ghala zima lilichangamka. Mwekezaji wa kwanza kutoka nje alikuwa ameleta kiwanda kizima cha nguo ndani ya makreti. Sheria ilikuwa imemfutia ushuru, ikamfutia na kodi, ikaondoa ukaguzi na vile vibali vilivyokuwa vikizungushwa meza hadi meza. Watu walisema ajira hizo zinakuja, na mshonaji naye alisema hivyo hivyo kwa moyo mmoja, maana mdogo wake alikuwa anashinda nyumbani. Muhuri wa msamaha ulipogongwa, kreti la kwanza liliinuka taratibu, likapita juu ya vichwa na kutulia karibu na paa. Wapagazi walikuwa wameelezwa kwenye kikao cha asubuhi, kwa hiyo walikuja na kamba. Waliyafunga makreti moja moja, wakayashika kama watoto washikavyo maputo, wakitaniana nani mwepesi kiasi cha kuondoka nalo.

Sanduku la mshonaji lilikuwa kona ya ndani. Wiki iliyopita wapagazi wawili walilishusha kwenye lori huku wakipiga soga. Sasa wanne waliliinamia, halikuyumba. Wakaongezeka wengine. Mmoja akakaa chini kupumua, akamwambia pole, mama.

Dada wa mumewe ndiye aliyekuwa karani wa kutoa mizigo. Alikuja na kikombe chake cha chai, akalitazama sanduku.

"Ndiyo hivyo, wifi," akasema. "Uzito ukiondolewa kule, lazima ukae mahali. Sheria haikusema ukae wapi, basi umehamia kwa waliokuwa karibu."

"Kwa hiyo huu ni wangu?"

"Wako, wa fundi viatu, wa muuza mabomba. Hujaonewa peke yako."

"Afadhali. Nilidhani ni adhabu ya kuolewa kwenu."

Wifi alicheka mpaka chai ikamwagikia viatu, kisha akasaini sanduku litoke, kama litatoka.

Nje uani, mwekezaji naye alikuwa na shida yake. Upepo mdogo ulikuwa umemnyang'anya kreti moja na kulipachika kwenye mlingoti wa bendera, na mkalimani wake alikuwa anahangaika kutafuta mawe. Mshonaji akatazama juu, akatazama sanduku lake, akamfuata mkalimani. Alimweleza kwamba bwana mkubwa amepungukiwa na uzito, yeye umemzidi, na njia ya kiwandani inapita mlangoni kwake. Mkalimani alipomaliza kutafsiri, mwekezaji, mtu mpole mwenye macho ya usingizi, alimpa mshonaji mkono kwa mikono yake miwili.

Wapagazi wakapenyeza kamba chini ya sanduku, wakaifunga kwenye kreti. Kreti likashuka, sanduku likainuka usawa wa magoti, vikatulia. Mshonaji akalisukuma kwa kidole. Fundi viatu alipoona, alileta ngozi zake akazifunga kwenye kreti la pili. Muuza mabomba akaja mbio, na hakuna aliyemcheka. Basi msafara ukatoka getini, makreti juu, mizigo ya wenyeji ikining'inia chini, mtoto mgongoni akipiga makofi kwa kila kilichopita. Kinyozi alitoka kutazama na wembe mkononi, mteja wake nyuma na upande mmoja wa ndevu. Wanafunzi walisukuma kwa zamu. Mshonaji hakukumbuka lini mtaa ulikuwa na furaha namna ile, akajikuta anaimba.

Mlangoni kwake, baadhi ya mabomba yalihamishiwa kwenye kreti lililobeba sanduku lake ili lisipae, kisha sanduku likaingizwa ndani na kamba ikafunguliwa. Likapasua sakafu ya saruji na kutua kina cha kiuno. Mumewe alilipima shimo kwa macho, akaenda kuazima ngazi.

Cherehani ilikuwa nzima. Mshonaji alishona humo shimoni, wateja wakichuchumaa kuzungumza naye, mwanawe kalala kifudifudi ukingoni akimdondoshea vipande vya vitambaa. Jumapili mchana nembo zote zilikuwa tayari.

Mwalimu mkuu alipopokea sare ya kwanza, mkono ulimshuka.

"Nzito kidogo," akasema.

"Ni uzi, mwalimu. Nao ulipitia forodhani."

Mwalimu alikagua mishono, akairidhia, akaagiza na za wale wanaoingia darasa la kwanza. Mshonaji alitoka ofisini akitamani kuruka.

Watoto walivalishwa. Mwanzoni waliinama mbele kidogo, kama wanaotafuta kitu kilichoanguka, na nyayo zao ndogo ziliingia mchangani kwa kina cha nyayo za watu wazima. Hakuna aliyelia. Kufikia mapumziko walikuwa wamezoea, na mmoja aligundua kwamba akiruka, vioo vya madirisha vinalia. Wenzake wakamjia. Wakashikana mikono, wakaruka wote pamoja, jengo likatikisika, wakashangilia, wakaruka tena.