Kikombe Kimoja cha Kila Mkebe

Mume wangu Kamaludin hajui kusema la. Sisemi kwa kumsengenya, mwenyewe yuko hapa na anasikia. Akipakuliwa wali mara ya tatu atakula na kushukuru, kisha alale chali akihema. Kinyozi akimwambia bado kumebaki nywele shingoni, atakaa anyolewe tena. Hata mimi alinipata hivyo hivyo. Mjomba wake Aidarus alimwambia, "Kuna binti Kibokoni, mdomo anao, lakini anajua kupika," naye akaitikia kabla hajaniona. Bahati yake.

Basi mwaka ule wa sitini na sita walipunguza makarani bandarini Kilindini, naye akawamo. Kaka yake mkubwa, Athmani, mwenye duka Kampala, akaleta barua: njoo unisaidie, ufike kabla ya mwisho wa mwezi. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja, kitanda nyuma ya magunia. Mimi nisingeweza kwenda; mamangu alikuwa haoni na hana mwengine. Ingekuwa yeye kule, mimi huku, na barua katikati. Sikutaka. Kutwa nilikuwa nikimcheka, lakini nyumba ile bila yeye sikuitaka hata siku moja.

Kilichobaki kilikuwa lori. Marehemu baba yake aliacha lori kuukuu, likakaa miaka miwili kwenye uga mmoja pale Makadara bila kuguswa, hata kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Sasa kulikuwa na mkandarasi akijenga nyumba za ghorofa Ganjoni, anataka gari la kumletea mawe kutoka bara. Akasema lianze Jumatatu. Likienda wiki nzima bila kusimama njiani, kazi ni yetu mwaka mzima. Likisimama, ana mwengine.

Kamaludin akamwita Jefwa, fundi wa Kigiriama, mtu wa maneno machache. Jefwa akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta, akatuonyesha. Mafuta yalikuwa meusi na mazito kama shira iliyoungua. Mume wangu alikuwa keshanunua mkebe wa yale mafuta mapya yanayosifiwa kuwa yanaosha injini. Jefwa akauweka kando.

"Haya ni mazuri kwa gari jipya," akasema. "Hili limeshikana na uchafu wake. Ukilitia ya kuosha, uchafu utabanduka wote kwa pamoja, uende uzibe njia ya mafuta, injini ikauke na ikwame. Tutafungua sampu, hilo karai la chini, tukombe tope kwa mkono, tuoshe kwa mafuta ya taa. Kisha tutie mafuta ya kawaida, namba thelathini, lingurume nusu saa, tuyamwage. Ndipo tutie namba arobaini ya kawaida. Basi."

"Na zile dawa za mikebe, za kuongezea?" Kamaludin akauliza.

"Hakuna dawa. Lori haliumwi. Limesahauliwa tu."

Kazi ile ikachukua siku mbili. Alhamisi jioni lori liliwaka, likanguruma vizuri, na Jefwa akaenda kwao Kaloleni kwa siku moja. Angerudi Jumamosi kuliangalia mara ya mwisho. Nami nikawa na raha, nikapika biriani siku isiyokuwa na mgeni.

Lakini hapa Mji wa Kale mgonjwa hatazamwi mikono mitupu, na lile lori lilikwisha kuwa mgonjwa wa mtaa mzima. Ijumaa baada ya sala wakaanza kuja. Mjomba Aidarus alitangulia na kijimkebe chekundu alichopewa na fundi wa meli, ati ni dawa ya kukata moshi. Jirani yetu Bi Mahfudha akaleta chupa ya mafuta ya mbarika, kwa kuwa yalimfungua tumbo babu yake. Akaja rafiki mmoja wa Kamaludin wa barazani na mafuta namba hamsini, mazito hayamiminiki, akasema injini ya zamani hutaka mafuta mazito. Mwengine akaleta dawa ya kuziba panapovuja, na hapakuvuja mahali. Kamaludin akapokea vyote kwa mikono miwili na kuwaombea dua.

"Tia uvunguni, unyamaze," nikamwambia.

"Na mjomba akiniuliza kama nimetia?"

Hapo ndipo ilipo kazi ya mtu huyu. Kukataa hawezi na kusema uongo hataki. Basi alasiri ile, mimi niko kwa mamangu, akachukua kikombe cha kahawa akenda nacho Makadara. Akapima kikombe kimoja cha kila mkebe, asimpunje mtu, akalitia lori. Kisha akaona haya kuuacha mkebe wake mwenyewe, yale mafuta ya kuosha, akatia nayo kikombe. Akarudi nyumbani ameridhika, amemtendea kila mtu haki.

Jumamosi asubuhi nilikuwapo. Jefwa akachomoa kijiti, akakinusa, akamtazama mume wangu.

"Nani amepika humu?"

Akaliwasha. Likatoa moshi mweupe hata wenye mikahawa wakafunga madirisha, na ndani mukawa munagonga. Jefwa akalizima upesi. Alikaa chini, akajifuta mikono.

"Nitalifungua tena," akasema. "Arobaini iliyobaki yatosha mara moja tu. Kikitiwa kitu chengine, hata tone, mimi narudi Kaloleni na lori lenu libaki la kuku."

Tulirudi nyumbani. Mchana nikampakulia, na kwa kuwa nilikuwa na hasira nikauliza lile nililokuwa nikiogopa kuliuliza. "Athmani umemjibu nini?"

Akaangalia sahani. "Nimemwandikia nitakuja, insha'Allah."

"Lini?"

"Juzi. Ni kaka yangu mkubwa, Bi Swabaha. Ningemwambiaje?"

Nilidhani nitakuwa na neno la kumchoma, maana huwa ninalo. Nililia. Nikamwambia, "Wewe umekuwa kama lori lile, kila apitaye atia chake. Mimi sijakuletea mkebe wowote. Nataka ubaki tu." Akala kidogo, jambo ambalo sijaliona tangu nimjue.

Jumapili Jefwa akamaliza kuosha. Namba arobaini ya mwisho ikaingia yote, kifuniko cha injini bado ki wazi, na hapo akatokea Mjomba Aidarus na kanzu yake nyeupe. Mkononi ana mkebe mwekundu ule ule, ila mkubwa.

"Shikamoo, mjomba," Kamaludin akasema.

"Marahaba. Nasikia lilitoa moshi. Basi ile dawa haikutosha. Nimepata mkebe kamili." Akaufungua mwenyewe na kulisogelea lori.

Jefwa akaanza kukusanya spana zake, moja moja. Mimi nikaona mwaka wangu mzima unakwenda Kampala.

Kamaludin akaziba tundu la mafuta kwa kiganja chake. "Mjomba, hii sitatia."

"Wasemaje?"

"Sitatia. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyekuozesha, Kamaludin."

"Najua, na ahsante. Sitatia."

Mkono hakuuondoa. Mjomba alisimama pale na mkebe wake mpaka sisi sote tukaona haya kwa niaba yake, kisha akaufunga, akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Siku tisa hakukanyaga kwetu. Jefwa akaziweka spana chini tena.

Jumatatu lori lilivuka daraja la Makupa, Kamaludin usukani, kwenda bara na likarudi na mawe. Jumanne likarudi. Kila jioni nilisimama dirishani nikijifanya naangalia nguo. Jumamosi mkandarasi akalizunguka, akapiga teke gurudumu, akasema waonane Jumatatu na kila Jumatatu.

Alipofika nyumbani, vumbi hadi kwenye kope, nikampa habari niliyokuwa nimeitayarisha. "Sasa kaa umwandikie Athmani kwamba huendi. Nitakushika mkono kama hujui herufi za neno 'la'."

"Nimekwisha mwandikia."

"Lini tena? Leo?"

"Jumapili iliyopita. Nilipotoka Makadara nilipitia posta nikaitia barua sandukuni."

Nikahesabu siku. Jumapili ile lori lilikuwa halijatoka hata ugani. "Na lingekufa Jumatatu njiani?"

"Lingekufa," akasema. "Ningekuwa hapa, sina kazi, na lori bovu, na wewe unanicheka."

Mimi niliyeozeshwa kwa sifa ya mdomo nikamwambia anawe mikono, chakula kinapoa.