Kura ya Sista Leokadia

Sista Leokadia alifundisha kemia maisha yake yote katika Chuo cha Mtakatifu Hedwiga, chuo cha wasichana kilichojengwa na masista wa Kipolandi kando ya Ziwa Michigan. Maabara yenyewe aliijenga kwa kuombaomba. Alisimama milangoni mwa makanisa ya mji wa Milwaukee, theluji ikimwangukia, akichangiwa na wafanyakazi wa viwanda vya ngozi. Binti zao ndio waliosoma humo, enzi ambazo vyuo vya wanaume havikutaka hata kuwasikia.

Sasa vyuo hivyo viliwapokea wasichana, nao wakamiminika huko. Mabweni ya Hedwiga yakabaki matupu. Siku ya kura ya kuamua hatima ya chuo, masista walipita mmoja mmoja wakidondosha punje ya maharage sandukuni: nyeupe kuendelea, nyeusi kufunga. Kila mtu alijua Leokadia angeitetea maabara yake kufa na kupona. Akadondosha nyeusi, wala hakuificha.

Lorraine Nowak, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa sasa mwalimu mwenzake, alimfuata maabarani hata koti hajavua.

"Niambie si kweli, Sista."

"Ni kweli, mwanangu."

"Umetuuza! Bila hapa mimi ningekuwa wapi? Si kiwandani, nikikwangua ngozi na baba?"

"Na mdogo wako yuko wapi?"

Mdogo wa kike wa Lorraine alikuwa chuo kikuu cha jimbo, anasomea udaktari.

"Tulijenga hapa kwa sababu kule mlifungiwa," Leokadia alisema. "Leo nitamani wafungiwe tena, ili maabara yangu ipone?"

"Maneno matamu hayo. Kule nani atamjali msichana akianguka mtihani?"

Leokadia alivuta kiti akaketi, na kwa mara ya kwanza Lorraine akamwona mwalimu wake akilia, akijifuta kwa aproni iliyotobolewa na asidi.

Chuo kilifungwa baada ya mahafali ya Mei. Jengo likageuzwa ofisi za kaunti. Leokadia akaajiriwa kufundisha kwenye chuo cha mji jirani, darasa limejaa vijana wa kiume, wasichana wachache wamejibanza nyuma. Akawahamishia mbele.

Lorraine hakumsemesha kwa miaka mingi. Lakini Leokadia alipougua akiwa peke yake katika mji ule, Lorraine ndiye aliyekwenda kumchukua kwa gari lake kumrudisha kwa masista wenzake. Njiani hawakugusia kura. Waliongea habari za mdogo wake Lorraine, aliyekuwa na hospitali yake ya watoto, mpaka Sista akasinzia.