Kabambe Chini ya Njugu

"Walikupigia, Mama Wamboi. Wakaweka spika. Nikakusikia kwa masikio yangu ukisema hujui simu yoyote."

"Mimi nilisema nilituma njugu. Si nilituma njugu?"

"Na chini ya njugu?"

Waruguru alishika kitasa cha mlango wake. Ploti nzima, wapangaji wa kila chumba, ilikuwa imetoka nje. Waliokuwa wakifua walikuwa wameacha mikono ndani ya beseni, na Idah wa nyumba ya tatu alisimama na mwiko, ugali wake ukinuka moto huko ndani. Siku nyingine Waruguru ndiye angekuwa mbele pale, akimpasha aliyechelewa nani kasema nini. Leo habari ilikuwa yeye.

Amida, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuwa bado kwenye buibui alilolipiga pasi asubuhi. Nyuma yake binti yake Muna, wa kidato cha nne, alikuwa amekalia sanduku lake la bweni, macho chini.

Mambo yalikuwa hivi. Muna na Wamboi wa Waruguru walisoma shule moja ya bweni huko Ruiru, na sheria ya shule ile haikuwa na kona: simu ikipatikana kwako, au ikiletwa kwa jina lako, unarudi nyumbani. Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi hiyo, na Jumamosi saluni ya Waruguru pale Makongeni, Thika, haina hata pa kukanyaga. Akamwomba Amida ampelekee Wamboi mkebe wa njugu. Hakumwambia kwamba chini ya njugu, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, yenye laini na chaji. Askari wa geti wakaumwaga mkebe mezani, foleni ya wazazi ikiangalia. Kapu lilikuwa la Amida. Amida akasema mwulizeni jirani yangu. Jirani akaulizwa, akaruka, akasema haijui.

"Mtihani wa majaribio unaanza Jumatatu," Amida alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Diputi wa mwalimu mkuu amesema huyu asirudi mpaka bodi ya shule ikae, na bodi ni mwezi ujao. Wewe kaa na njugu zako."

Akaingia kwake. Muna akainua sanduku, na alipompita Waruguru akasema, "Shikamoo, anti," kama alivyofunzwa. Hiyo ndiyo iliyomchoma Waruguru kuliko maneno yote ya Amida.

Alirudi saluni akasuka kichwa akafumua. Akasuka tena, mistari ikaenda upande. "Leo hata hutuambii kitu," mteja akamwambia. "Wewe ni mgonjwa?" Alifunga mapema. Nyumbani akaosha sufuria zilizokuwa safi, akakaa, akainuka, akafungua mlango, akaufunga.

Simu hiyo Wamboi hakuiomba. Lakini tangu aende bweni, Waruguru hakuwa na wa kumsimulia. Wa ploti ukiwaambia jambo wanasikia nusu, nusu nyingine wanajitungia. Wamboi alikuwa akisikia yote, na anacheka panapochekesha. Shuleni wanapiga kwa simu ya mwalimu, wenzake wakimsukuma nyuma: niko sawa Mum, bye. Basi. Na Waruguru amebaki na hadithi mdomoni. Ndiyo akanunua kabambe. Na geti lilipompigia, akilini alimwona Wamboi akifukuzwa na sanduku lake, mdomo ukatangulia kukana.

Ukuta wa ploti ni mwembamba. Upande wa pili Muna alikuwa akisoma kemia kwa sauti. Kisha kikasikika kitabu kikifungwa.

Idah akabisha na kuingia bila kungoja. "Kwani ni yako kweli?"

"Idah."

"Nauliza tu. Hata kama ni yako, nyamaza. Mama Muna hashikangi kitu moyoni. Wiki ijayo mtakuwa mnakopeshana chumvi."

"Na mtoto wake?"

"Si atasomea hapa?"

"Nenda ulale, Idah."

Jumapili wenzake walipokuwa wakienda kanisani, Waruguru alikuwa ameshashuka Ruiru. Diputi, mwalimu Muasya, alikuwa zamu. Kabambe ilikuwa mezani kwake.

"Ni yangu," Waruguru alisema hata kabla ya kuketi. "Mama Muna hakujua. Nilidanganya."

Muasya alivua miwani. "Mzazi, hapa kila mtu husema ni ya jirani. Jana yule mama alisema kweli, na mimi nikamwaibisha mbele ya watu kwa neno lako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Muna arudi leo. Wako, kwa kuwa umekiri, hataingoja bodi; ataenda nyumbani wiki mbili. Simu ilikuja kwa jina lake."

"Hakuiomba."

"Najua. Sheria ni ileile."

Wamboi aliitwa. Akaiangalia simu, akamwangalia mama yake, na Waruguru akangoja machozi.

"Si nilikwambia usilete," Wamboi akasema. "Ukianza kunipigia habari za ploti usiku, nitasoma saa ngapi?"

Muasya akajifanya anatafuta kalamu.

Njiani kurudi Thika, Waruguru alinyoosha mkono kulipokea sanduku. Wamboi alibeba sanduku lake mwenyewe.

Walimkuta Amida mlangoni kwake akichambua mboga za jioni. Hakuinua kichwa.

"Muna arudi shule," Waruguru alisema. "Diputi anamngoja kabla ya saa kumi na mbili."

Kisu kikasimama. "Ulimwambia nini?"

"Kwamba ni yangu. Na kwamba nilidanganya."

"Ulimwambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Amida akaliona sanduku, kisha Wamboi. "Na huyu je?"

"Wiki mbili."

Kule kwenye kamba ya nguo Idah alikuwa akianika shuka moja kwa muda mrefu sana. Amida akamtazama mpaka akaingia kwake.

"Nilimwagiwa njugu mezani kama mwizi, Mama Wamboi. Watu wanatazama. Hilo mimi sijamaliza nawe."

"Najua."

"Nitakuja kulisema. Nitalisema lote, na wewe utanyamaza usikie."

"Nitasikia."

Amida akainuka, akakung'uta majani kwenye leso yake. "Muna! Kabla hujapanga vitu, ongeza sahani mbili." Akalichukua lile sanduku mkononi mwa Wamboi, akaliweka ndani ya mlango wake. "Ingieni tule. Wali unapoa."